Asteroidi za jirani: ni vitu vya namna gani, na zimetoka wapi?

Mwaka uliopita, katika juma la pili la Majilio, mzee mmoja, katekista wa kapela ya mbali, alifika kwangu kwa kinga. Akafungua kitambaa, akaweka juu ya meza jiwe jeusi, zito, kubwa kama ngumi mbili. «Padri, akasema, jiwe hili lilianguka toka mbinguni. Marehemu baba yangu aliliokota shambani, naye alituambia hivyo.»

Nililigeuza-geuza. Lilikuwa na matundu mengi kama mkate, na upande mmoja uling'aa kama chupa. Ikanipasa kumwambia: «Mzee, hili halikutoka mbinguni. Ni mavi ya tanuru.» Maana katika Katanga wazee wetu waliyeyusha shaba mbele ya kufika kwa Wazungu, na mabaki ya matanuru yao yangali yanaokotwa mashambani. Jiwe la kimondo kwa kawaida halina matundu kama yale. Lina ganda jembamba jeusi kwa nje, lililoungua katika hewa, na ndani mara nyingi lina rangi ya majivu, na punje za chuma zinazovutwa na sumaku.

Mzee hakukasirika. Aliuliza tu: «Basi, Padri, yale yanayoanguka kweli yanatoka wapi? Na lile kubwa vijana wanaloonyeshana katika telefoni, eti litakuja mwaka wa 2029, litatuua?»

Nilimjibu kwa haraka, na jibu la haraka halikumtosha. Alipokwenda, nikarudi katika vitabu. Haya ninayoandika ndiyo ningalipaswa kumweleza siku ile. Ninyi waseminari, ninyi mapadri na wakatekista, mtaulizwa vilevile, pengine na watu wenye hofu kubwa, kwa maana wahubiri wa mwisho wa dunia hawakosi katika miji yetu.

Nukta ya mwanga

Usiku wa tarehe 1 Januari 1801, Padri Giuseppe Piazzi, mtawa wa shirika la Wateatini, alikuwa akiandika orodha ya nyota kule Palermo katika kisiwa cha Sicilia. Nyota moja ndogo ilimsumbua: usiku uliofuata haikukaa pahali pake, na usiku wa tatu vivyo hivyo. Ilikuwa inatembea. Piazzi aliipa jina la Ceres. Nyuma ya muda kidogo nyingine zikaonekana, na mwaka wa 1802 William Herschel wa Uingereza akatoa neno «asteroidi». Wenye kujifunza Kigriki watalitambua: aster, nyota, eidos, sura. Kitu chenye sura ya nyota.

Jina hilo halikusema kweli juu ya vitu vyenyewe, kwa sababu nyota zinawaka kwa moto wao, na asteroidi ni mawe na vumbi na chuma, zinazopokea mwanga wa jua na kuurudisha. Lakini lilisema kweli juu ya shida ya wajuzi wa nyota. Hata katika darubini kubwa asteroidi ni nukta tu. Kwa miaka karibu 200 watu walitazama nukta hizo pasipo kuona sura ya hata moja kwa karibu. Ni mwaka wa 1991 tu chombo kilipopita karibu na asteroidi Gaspra na kuleta picha nzuri.

Nyingi zinazunguka jua kati ya Marsi na Jupita, mbali nasi. Pale katikati kuna moja inayotuhusu kwa jina: asteroidi namba 1817 inaitwa Katanga. Cyril Jackson aliiona kwa mara ya kwanza kule Johannesburg mwaka wa 1939. Sikujua jambo hilo mpaka nilipoanza kusoma kwa ajili ya mzee yule, nami nakiri kwamba lilinifurahisha kupita kiasi.

Lakini kuna nyingine ambazo njia yao inaingia mpaka karibu nasi. Wajuzi huziita «asteroidi za karibu na dunia» zile ambazo njia yao inafika chini ya kilometri milioni 195 toka jua. Dunia yetu yenyewe ni kilometri milioni 150 toka jua. Ya kwanza ni Eros, iliyoonekana Berlin mwaka wa 1898. Mwaka wa 1932, Eugène Delporte wa Uccle, karibu na Brussels, aliona Amor, na katika mwaka uleule Karl Reinmuth wa Heidelberg aliona Apollo, ambayo njia yake inakata njia ya dunia. Siku hizi zimekwisha kuhesabiwa zaidi ya elfu 35. Nyingi ni ndogo. Zile zinazopita kilometri moja kwa upana ni karibu 900 tu, na karibu zote zimekwisha kuonekana.

Namna ya kupima kitu kisichoshikika

Sasa tuulize: mtu anawezaje kujua jiwe limefanywa kwa nini, naye yuko mbali nalo kilometri mamilioni, na haoni zaidi ya nukta?

Njia ya kwanza ni kutazama nukta ikipungua na kuongezeka mwanga. Asteroidi chache ni mviringo kama mpira. Nyingi zina sura ya kiazi. Zikigeuka, mara zinatuonyesha ubavu, mara kichwa, na mwanga wao unapanda na kushuka kwa kipimo. Ukiandika kupanda na kushuka huko usiku kucha, utajua inazunguka kwa saa ngapi, na ukirudia miaka mingi toka pande mbalimbali, utaweza hata kuchora sura yake.

Njia ya pili ni rangi. Mwanga wa jua ukipita katika kipande cha kioo chenye pembe tatu unatandazwa kama upinde wa mvua. Mwanga uliogonga jiwe kwanza unarudi na upungufu pahali fulani katika upinde huo, na kila aina ya jiwe ina upungufu wake. Kwa njia hiyo asteroidi zimegawanywa katika makundi. Kundi S ni za mawe ya namna ya kawaida. Kundi C ni nyeusi kama makaa. Kundi V nitalisema baadaye. Hapa yafaa kujihadhari: nukta yenye mwanga hafifu yaweza kuwa jiwe dogo jeupe ao jiwe kubwa jeusi. Asteroidi Bennu, kwa mfano, inarudisha sehemu kama 4 tu katika 100 za mwanga inaopokea. Ni nyeusi kupita lami ya barabara iliyochakaa. Weupe huo huitwa albedo, neno la Kilatini lisilohitaji maelezo katika gazeti hili. Ili kujua ukubwa wa kweli, wajuzi hupima vilevile joto ambalo jiwe linatoa, kwa sababu jiwe jeusi linakula mwanga mwingi na kulitoa tena kwa namna ya joto.

Njia ya tatu ni radari: kutuma mawimbi ya redio na kungojea mwangwi wake. Kwa njia hiyo asteroidi inayopita karibu yapimwa umbali na mwendo kwa uhakika mkubwa sana, na hata mawe makubwa juu ya uso wake yaweza kuonekana. Chombo kikubwa cha kazi hiyo kilikuwa Arecibo, katika kisiwa cha Puerto Rico. Kilianguka na kuvunjika mwezi wa Desemba 2020, nacho hakijajengwa tena. Kile cha Goldstone katika California kiliendelea na kazi.

Uzito ni jambo gumu kupita yote. Jiwe halipimwi kwa mizani toka hapa. Inatakiwa kitu kingine kipite karibu nalo, tuone nguvu yake ya kuvuta: ni chombo kilichotumwa, ao mwezi mdogo unaoizunguka asteroidi yenyewe. Ndiyo, zina miezi! Katika asteroidi za jirani zenye upana wa zaidi ya metri 200, kama moja katika saba ina mwenzake anayeizunguka.

Hapo ndipo kazi ya Specola Vaticana, nyumba ya nyota ya Vatikano, inapoingia. Baba Mtakatifu Leo XIII aliianzisha upya mwaka wa 1891, nayo inaongozwa na Wayezuiti. Specola ilirithi mkusanyo wa mawe ya kimondo yaliyotolewa na Mfaransa mmoja, Marquis de Mauroy. Mawe hayo yalikaa katika makabati kule Castel Gandolfo kwa miaka mingi, mpaka ndugu mtawa mmoja, Guy Consolmagno, alipojiuliza swali ambalo ni karibu la mtoto: kila jiwe la namna hii ni zito kiasi gani, kwa ukubwa wake? Wengine hawakuwa wameyapima mengi, kwa sababu kutumbukiza jiwe la kimondo katika maji, kama Archimedes alivyofanya, ni kuliharibu. Consolmagno pamoja na Mmarekani Daniel Britt walitumia shanga ndogo sana za kioo pahali pa maji: unaweka jiwe katika kikombe, unamimina shanga, nazo zinalizunguka kama maji bila kuingia katika nyufa zake. Kisha unatumia hewa ya heli, ambayo inaingia katika kila ufa. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo nafasi tupu iliyo ndani ya jiwe. Ndugu Robert Macke, naye Myezuiti, aliendeleza kazi hiyo kwa mawe mengi sana, akatengeneza hata chombo cha kupimia vipande vya Bennu nitakavyovisema.

Matokeo yalishangaza. Mawe ya kimondo ya namna ya kawaida yana uzito wa gramu 3,3 hivi kwa santimetri kubu moja (maji ni gramu 1). Nafasi tupu ndani yake ni ndogo, kwa kawaida chini ya sehemu 10 katika 100. Lakini asteroidi zilizopimwa ni nyepesi kupita hapo. Eros ina gramu 2,67. Itokawa 1,9. Bennu na Ryugu 1,19 tu, karibu sawa na maji! Ikiwa kipande cha nyumba ni kizito na nyumba nzima ni nyepesi, basi ndani ya nyumba mna nafasi.

Jambo lingine lilielekea palepale. Mwaka wa 2000 Petr Pravec, Mcheki, na Alan Harris, Mmarekani, waliandika pamoja mizunguko ya asteroidi nyingi. Waliona kwamba zile zenye upana wa zaidi ya metri 200 hivi karibu hazizunguki kamwe kwa haraka kupita saa 2 na dakika 12. Kwa nini? Kwa sababu kifungo cha kokoto kilichoshikwa na nguvu yake ndogo ya kuvuta kikizungushwa kwa haraka kupita kiasi hicho, mawe ya kiuno chake yanaruka. Jiwe moja zima lingeweza kuzunguka upesi zaidi. Basi nyingi katika asteroidi hizo si jiwe moja. Ni lundo: mawe, kokoto na vumbi vilivyokusanyika nyuma ya ajali ya kale, na katikati mmebaki mapengo mengi.

Kwenda kuona

Mwenye kusoma barua haridhiki mpaka amwone mwandishi. Mwaka wa 2005 chombo cha Wajapani kiitwacho Hayabusa kilifika Itokawa, kilima cha mawe chenye urefu wa metri 535. Kilikuwa na matata mengi njiani, injini zikafa moja nyuma ya moja, lakini mwezi wa Juni 2010 kilirudisha katika Australia punje za vumbi zaidi ya elfu moja, ndogo kuliko unga. Punje hizo zilimaliza mabishano ya miaka mingi. Asteroidi za kundi S zinaonekana nyekundu-nyekundu kidogo, nayo mawe ya kimondo ya kawaida, yanayoanguka kwa wingi kupita mengine, hayana wekundu ule. Basi wengine walisema hazina udugu. Vumbi la Itokawa lilionyesha kwamba ndani ni vitu vilevile. Uso wa nje umebadilishwa na jua na upepo wake, kama ngozi ya mlimaji inavyobadilika shambani, hali tumbo lililofunikwa na shati limebaki na rangi ya kwanza.

Kisha Hayabusa ya pili ilileta gramu 5,4 toka Ryugu, mwezi wa Desemba 2020. Nao Wamarekani, kwa chombo OSIRIS-REx, walifika Bennu mwaka wa 2018. Bennu ina upana wa metri 490 hivi. Walitazamia kukuta mchanga laini. Wakakuta mawe makubwa kila pahali, na shida ya pahali pa kutua. Siku ya 20 Oktoba 2020 mkono wa chombo uligusa, nao ukazama karibu nusu metri, kama mguu katika lundo la mahindi. Uso haukuusukuma hata kidogo. Mainjinieri walisema: tusingaliwasha injini za kurudi, tungalizama zaidi.

Siku ya 24 Septemba 2023 chombo kilidondosha kisanduku katika jangwa la Utah, ndani yake gramu 121,6. Katika vumbi hilo wenye elimu walikuta udongo uliotokea katika maji, na chumvi za namna mbalimbali zinazobaki pale maji yanapokauka. Walikuta vilevile, kama walivyotangaza Januari 2025, asidi amino 14 katika zile 20 ambazo miili ya viumbe hai inatumia. Asidi hizo si uhai. Ni matofali, wala tofali si nyumba. Mwenye kuhubiri kwamba «wamekuta uhai katika jiwe» hakusoma. Lakini maji ni jambo zito. Bennu ni ndogo mno, haiwezi kushika maji yanayotiririka. Basi maji hayo yalikuwa katika mwili mkubwa, mzazi wake, ambaye alivunjika.

Na hapo tumefika kwa swali la kwanza la mzee: zinatoka wapi?

Ukoo

Mwaka wa 1918 Mjapani Kiyotsugu Hirayama alipanga njia za asteroidi zilizo kati ya Marsi na Jupita. Akaona kwamba baadhi yao zinafuata njia zinazofanana mno: umbali uleule, mwinamo uleule. Haikuweza kuwa bahati tu. Alisema: hizi ni vipande vya mwili mmoja uliovunjika, na akaziita «familia». Leo familia zinazojulikana zinapita mia. Ile asteroidi yetu ya Katanga imo katika kundi linaloitwa kwa jina la Phocaea.

Kwetu ukitaka kujua ukoo wa mtu huulizi pahali anapokaa tu. Unauliza amezaliwa wapi, nani babu yake, na sura yake unaitazama. Wajuzi wa asteroidi wanafanya vivyo hivyo. Njia peke yake haitoshi kwa zile za jirani, kwa sababu kila zikipita karibu na dunia ao Zuhura zinavutwa na njia inabadilika. Asteroidi ya jirani haikai jirani siku zote: nyuma ya miaka mamilioni machache, ao milioni kumi hivi, inaanguka katika jua, ao inagonga sayari, ao inatupwa nje kabisa. Mbingu zetu ni za miliari 4,5 za miaka. Basi kama zingalikuwa hapa tangu mwanzo, leo isingebaki hata moja. Kuna chemchemi inayoleta nyingine, na chemchemi hiyo ni familia za mbali.

Zinakujaje? Mambo mawili yanasaidiana, na la kwanza ni dogo mpaka linachekesha. Ni joto la alasiri. Mnajua ukuta wa matofali hauwi wa moto kupita yote saa sita za mchana, ila saa nane ao saa tisa. Jiwe linalozunguka katika mwanga wa jua lina alasiri yake vilevile, na upande wa alasiri unatoa joto kupita pande nyingine. Joto linalotoka linasukuma jiwe kidogo sana kwa upande wa pili. Mwinjinia Ivan Yarkovsky alilifikiri jambo hilo kule Urusi karibu na mwaka wa 1900. Kwa radari lilipimwa mara ya kwanza mwaka wa 2003, juu ya asteroidi Golevka. Jiwe likizunguka kwa upande uleule wa mwendo wake, njia yake inapanuka. Likizunguka kinyume, inapungua. Bennu inazunguka kinyume, na njia yake inapungua metri 284 kila mwaka. Ni kidogo. Lakini kwa miaka milioni mia, hesabuni wenyewe.

Jambo la pili ni Jupita. Mwaka wa 1866 Mmarekani Daniel Kirkwood alionyesha kwamba kati ya asteroidi kuna njia tupu, kana kwamba zimefagiwa. Moja ni pale ambapo asteroidi ingezunguka jua mara tatu wakati Jupita inazunguka mara moja. Mtoto anayebembea akisukumwa kila mara palepale, bembea inapanda zaidi na zaidi. Jiwe linalofika katika njia ile linasukumwa na Jupita hivyo, duara yake inarefuka kama yai, na mwisho inakata njia ya Marsi, kisha yetu. Basi joto la alasiri linasogeza jiwe polepole mpaka mlangoni, na Jupita inalitupa nje.

Mfano ulio wazi kupita yote ni Vesta, mwili wenye upana wa kilometri 525 hivi. Mwaka wa 1970 Thomas McCord na wenzake waliona kwamba upinde wa mwanga wa Vesta ni sawasawa na ule wa mawe fulani ya kimondo, mawe yaliyoyeyuka zamani kama yale ya volkano zetu za Goma. Hilo ndilo kundi V. Baadaye, mwaka wa 1993, asteroidi ndogo za kundi hilo zilionekana zikifuatana kama makombo njiani, toka Vesta mpaka karibu na mlango wa Jupita. Chombo Dawn kilipoizunguka Vesta mwaka wa 2011 na 2012 kilipima shimo kubwa katika ncha ya kusini, la upana wa kilometri 500, karibu sawa na Vesta yenyewe. Jeraha limeonekana, na vipande vimeonekana. Kuna zaidi: juu ya Bennu nyeusi wameona mawe machache meupe-meupe yenye sura ya Vesta. Maana yake, mzazi wa Bennu, ao Bennu yenyewe, aligongwa zamani na mtoto wa Vesta.

Kazi iliyotangazwa mwaka wa 2024 ilisema kwamba kama sehemu 70 katika 100 za mawe ya kimondo yanayoanguka sasa zinatoka katika familia tatu changa tu: Karin, Koronis na Massalia. Familia kubwa za kale hazituletei mengi, kwa sababu vipande vyao vidogo vimekwisha. Na katika machimbo ya chokaa ya Sweden wachimbaji wameokota mawe ya kimondo mengi yaliyozikwa chini ya bahari ya kale, yote karibu ya aina moja. Yanashuhudia mvua ya mawe iliyonyesha juu ya dunia miaka milioni 466 hivi iliyopita, nyuma ya kuvunjika kwa mwili mmoja mkubwa.

Si zote zinatoka kule. Phaethon, iliyoonekana mwaka wa 1983, inafuata njia ileile ya vimondo vya mwezi wa Desemba vinavyoitwa Geminidi. Vimondo vile ni vumbi lake, na labda asteroidi nyingine ndogo, yenye jina la 2005 UD, ni ndugu yake. Nayo Kamoʻoalewa, kipande kidogo kinachozunguka jua pamoja nasi kama jirani asiyeondoka, ina upinde wa mwanga kama wa mawe ya mwezi. Wengi wanadhani ni kipande cha mwezi wetu kilichorushwa na mgongano. Wachina walituma chombo mwezi wa Mei 2025 kwenda kuchukua mchanga wake.

Litatuua?

Swali la pili la mzee ni la haki. Mawe haya yamekwisha kugonga. Katika Katanga yetu, upande wa Kundelungu, kuna mviringo wa milima uitwao Luizi, wenye upana wa kilometri 17 hivi. Mwaka wa 2011 Ludovic Ferrière na wenzake walithibitisha kwamba ni kovu la mgongano: waliokota mawe yenye michirizi ya namna ya koni, na punje za kwarsi zilizopasuka ndani kwa mistari, mambo yasiyoletwa na volkano. Ni ya zamani. Lakini asubuhi ya 15 Februari 2013 jiwe la upana wa metri 20 hivi lilipasuka juu ya mji wa Chelyabinsk katika Urusi, na watu kama 1500 waliumia, wengi kwa vioo vya madirisha, kwa sababu waliona mwanga wakakimbilia dirishani. Neno hilo mlifundishe: mwanga mkubwa ukionekana mbinguni, kaa mbali na kioo, mshindo unafuata nyuma.

Siku ya 26 Septemba 2022 Wamarekani walifanya jaribio. Chombo DART, cha kilo 580 hivi, kiligonga kwa kusudi Dimorphos, mwezi mdogo wa asteroidi Didymos, kwa mwendo wa kilometri 6 kila nukta ya saa. Mzunguko wake ulikuwa wa saa 11 na dakika 55. Ulipungua dakika 33. Msukumo ulipita ule wa chombo peke yake mara tatu na zaidi, kwa maana lundo lilitupa mawe na vumbi nyuma, na kila jiwe linaloruka linasukuma. Sasa mwaona kwa nini wanahangaika kujua kama ni jiwe ao lundo. Kugonga jiwe gumu na kugonga mchanga si kazi moja. Chombo cha Ulaya, Hera, kiliondoka Oktoba 2024 kwenda kutazama jeraha hilo.

Lile la vijana katika telefoni ni Apophis, la kundi S, lenye upana wa zaidi ya metri 300. Lilionekana mwaka wa 2004, na mwanzoni hesabu zilitia hofu kweli. Lakini radari ya Machi 2021 ilimaliza shaka: halitagonga dunia kwa miaka mia moja ijayo, kwa uchache. Siku ya Ijumaa, 13 Aprili 2029, katika juma la pili la Pasaka, litapita kilometri elfu 32 juu ya nchi, chini ya zile satelite za televizioni. Litaonekana kwa macho matupu katika Afrika na Ulaya, mawingu yakikubali: nukta kama nyota ya kawaida, inayotembea kati ya nyota, ikipita upana wa mwezi mpevu kwa muda wa dakika moja hivi.

Nilipomaliza kusoma haya nilipanda mpaka kapela ya mzee, siku ya misa ya mwezi wa Februari, nikamweleza nyuma ya misa chini ya mwembe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba saa kamili ya kupita kwake, ili awaite watu wake nje wasifunge milango. Nikamwandikia katika daftari ya ubatizo, ukurasa wa nyuma: saa tano na dakika 46 za usiku, kwa saa ya Lubumbashi. Lile jiwe lake la tanuru nililikuta pale pale. Linazuia mlango wa kapela usipigwe na upepo.